Matembezi ya picha nyeusi na nyeupe, majengo na miti kwa siku moja: Dar, Mji Mkongwe, Mombasa au Nairobi?

Kichochoro (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu. Tunapanga matembezi ya picha ya watu watano, siku moja, nyeusi na nyeupe tupu. Sharti ni majengo ya kale na miti vipatikane katika mzunguko mmoja wa miguu, bila kupanda gari katikati. Vifaa ni kamera mbili za filamu ya milimita 35 zenye lenzi za mm 28 na mm 50, kamera mbili za dijitali, na mmoja wetu ana simu tu. Filamu iliyopo ni HP5 Plus, filamu nyeusi na nyeupe ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga). Hakuna atakayebeba stendi.

Njia zinazoshindana:

Dar: Old Boma, makanisa ya Sokoine Drive, Askari Monument, kisha Bustani ya Mimea.
Unguja: Mizingani, Forodhani, vichochoro vya Mji Mkongwe, kisha bustani ya Victoria pale Vuga. Kuna waliopendekeza msitu wa Jozani pia.
Mombasa: Mji wa Kale, Ngome ya Yesu, kisha mibuyu ya Mama Ngina, ukingoni mwa bahari.
Nairobi: KICC (mnara wa ukumbi wa mikutano), Uhuru Park, kisha Arboretum (bustani ya miti).

Naomba mlinganishe kwa mwanga, filta na usumbufu wa njiani. Kwamba kila mji una uzuri wake, hilo halina ubishi.

Mkunazini

Ndugu, kabla ya kuchagua mji, angalia majengo yake yanaelekea wapi. Ukingo wa bahari wa Mji Mkongwe unatazama magharibi. Beit al-Ajaib (1883), Ngome Kongwe na ile Zahanati ya Kale yenye roshani za mbao pale Mizingani hupata jua usoni kuanzia saa 9 alasiri. Asubuhi nyuso zote hizo ziko kivulini na jua linachomoza nyuma ya mapaa, kwa hiyo utaambulia anga jeupe na ukuta mweusi usio na umbo. Mombasa ni kinyume chake: Mji wa Kale na ukuta wa bahari wa Ngome ya Yesu vinatazama mashariki. Dar inafanana na Mombasa, maana majengo ya ukingo wa bandari yanatazama kusini-mashariki.

La pili ni kasi ya jua. Huku kwetu jua hupanda karibu wima. Likichomoza saa 12:20 asubuhi, kufikia saa 3:20 limeshapanda nyuzi zipatazo 45, kasoro kidogo mwezi Juni na Julai. Kipimo hakihitaji chombo: kivuli chako kikilingana na urefu wako, jua liko nyuzi 45. Kabla ya hapo mwanga unapita ubavuni mwa ukuta, na kila nakshi ya mlango, kila bonde la plasta ya chokaa na kila mkunjo wa gome la mti unaonekana. Baada ya hapo kivuli cha roshani ya juu kinaangukia dirisha la chini, na uso wa jengo unakatwakatwa na mistari myeusi isiyofuata umbo la jengo lenyewe. Una muda wa saa tatu asubuhi na muda wa saa tatu jioni. Katikati ya hapo pigeni vichochoroni, ndani ya majengo au chini ya miti.

Basi: kama nafasi yenu ni ya asubuhi, nendeni Dar au Mombasa. Kama ni ya jioni, nendeni Unguja. Jozani iondoeni kabisa. Iko kilomita 35 hivi kusini mwa mji, ni lazima gari, na msitu wake ni kazi ya siku nzima peke yake.

Nyongeza kuhusu Beit al-Ajaib: sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na tangu hapo limekuwa jengo la ukarabati. Msijenge ratiba juu yake. Zahanati ya Kale ina mengi zaidi ya kupiga kwa sasa, tena jirani yake kuna ule Mti Mkubwa, kwa hiyo jengo na mti mnavipata katika fremu moja.

fundi_filta

Mwelekeo ni muhimu, nakubali. Ila njia inayochanganya majengo na miti ina tatizo jingine ambalo watu hulikuta wakiwa wamesharudi nyumbani: jicho hutenganisha vitu kwa rangi, na rangi ndiyo mnayoiondoa. Vigae vyekundu vya kanisa la Azania Front na majani ya mti ulio mbele yake ni vitu viwili tofauti kabisa kwa macho. Kwenye filamu isiyo na filta vinaweza kuangukia kijivu kilekile, mti ukazama ndani ya paa. Kitakachovitenganisha ni mwanga au filta.

Kanuni ni moja: filta, yaani kioo cha rangi kinachofungwa mbele ya lenzi, huangaza rangi yake na kutia giza rangi iliyo mbali nayo. Kwa matembezi haya nne zinatosha.

Njano, nambari 8, inakula stopu 1 (kila stopu ni mwanga kupungua kwa nusu, au kuongezeka mara mbili). Inatia anga kijivu kidogo na kuacha vitu vingine vilivyo. Hii inaweza kukaa kwenye lenzi siku nzima.

Chungwa, nambari 21, stopu 2. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliogeuka manjano unang'aa, anga linaingia giza, mawingu yanasimama.

Nyekundu, nambari 25, stopu 3. Nzito. Vivuli vya mchana huangazwa na buluu ya anga, na nyekundu inaikata buluu hiyo, kwa hiyo vivuli vinakuwa shimo. Ukiitumia ongeza nusu stopu juu ya zile tatu ikiwa ndani ya vivuli kuna kitu unachokitaka.

Kijani-njano, nambari 11, stopu 2. Hii ndiyo watu wengi hawaijali, na ndiyo ya bustani. Filamu hizi huitikia kijani kwa unyonge kuliko jicho, ndiyo maana miti hutoka mizito. Nambari 11 inayainua majani, inatia giza vigae vyekundu na kuacha ukuta mweupe ulivyo. Kwa Azania Front chukueni hiyo. Mkiweka nyekundu pale, vigae vitapauka na kuungana na ukuta mweupe, na paa litakuwa kama halipo.

Msiziachie kamera zipime mwanga kupitia filta nyekundu. Vipima mwanga vingi vya ndani ya kamera huona nyekundu vizuri kuliko filamu inavyoiona, hivyo vinapunguza mwanga kupita kiasi. Pimeni bila filta, ongezeni stopu wenyewe, kisha fungeni filta.

Na msitarajie anga jeusi la pwani. Hewa yenye unyevu na chumvi ni nyeupe, hasa karibu na upeo wa macho, na filta haiwezi kutia giza weupe. Ikiwa kwa macho anga ni la maziwa, nyekundu itakula stopu 3 bure. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, ina anga la buluu nzito zaidi. Huko hata chungwa linatosha.

Nyayo_za_Nairobi

Hapo kwa anga umesema kweli, na ndiyo sababu napigia kura Nairobi. KICC, iliyokamilika 1973, ina rangi ya udongo wa kuchomwa. Weka chungwa: mnara unapanda kuwa kijivu cheupe, anga nyuma yake linashuka. Bila filta, mnara na anga hukaribiana na jengo hubaki bapa. Ule ukumbi wa umbo la pia pembeni yake una mistari ya wima ambayo asubuhi inapata mwanga wa ubavuni. Mnara una mita 105, kwa hiyo msikaribie. Rudini nyuma mpaka usimame wote bila kuinua kamera.

Kutoka pale hadi Arboretum ni kilomita 3 hivi, mkipitia Uhuru Park. Arboretum ilianzishwa 1907, ina hekta zipatazo 30 na zaidi ya aina 350 za miti, vigogo virefu vilivyonyooka. Juni hadi Agosti Nairobi ina mawingu ya chini asubuhi, mwanga laini usio na vivuli. Kwa msitu ni mwanga mzuri sana, kwa sababu madoa ya jua hayatoboi majani. Kwa majengo ni dhaifu, hivyo miezi hiyo anzeni na miti, majengo yafuate mawingu yakifunguka, kwa kawaida karibu na adhuhuri.

Bunge liko jirani kabisa na KICC. Lenzi isielekee huko. Na kwa picha kutoka juu ya KICC ombeni na kulipia pale mapokezi kwanza.

Mkunazini

@Nyayo_za_Nairobi sikatai, lakini kilomita 3 za barabara ya magari kati ya jengo na miti ni saa nzima ya mwanga mzuri inayopotea, maana kundi la watu watano wenye kamera halitembei mwendo wa kawaida. Kigezo cha mwanzisha mada ni mzunguko mmoja. Kwa hilo Dar na Mombasa zinaishinda Nairobi.

Mbuyu_wa_Pwani

Mombasa ina kitu ambacho njia nyingine hazina: jiwe na mti vya ngozi moja. Ukuta wa Ngome ya Yesu (1593 hadi 1596) ni matumbawe yaliyopakwa plasta na kuliwa na chumvi. Gome la mbuyu ni la kijivu, laini, lenye mikunjo. Katika nyeusi na nyeupe vinaongea lugha moja, na mfululizo wa picha nane au kumi unashikana wenyewe bila kulazimishwa.

Ratiba: saa 12:30 asubuhi Mji wa Kale, upande wa Ndia Kuu na msikiti wa Mandhry, wakati maduka hayajafunguliwa na baraza za nyumba ziko wazi. Saa 1:30 upande wa bahari wa ngome. Saa 2:30 anza kushuka kuelekea Mama Ngina. Njiani mtapita karibu na Ikulu ya Mombasa, kamera ziwe ndani ya mifuko mpaka mmeipita. Mwisho wa njia kuna kivuko cha Likoni, na hapo pia hairuhusiwi kupiga. Walinzi hawana mjadala.

Kwa mbuyu wenyewe, mwanga wa mbele unaua. Simameni ili jua liwe ubavuni, nyuzi 60 hadi 90 kutoka mnapotazama. Shina limejaa mikunjo ya chini sana, na mwanga wa mbele huifuta yote. Mbuyu ukiwa umepukutisha majani wakati wa kiangazi, matawi yake huchorwa juu ya anga. Hapo pimeni shina, msipime anga, au ongezeni stopu 1 na nusu juu ya kipimo cha fremu nzima. Mbuyu wenye majani ni mgumu zaidi, kwa kuwa majani yanang'aa na kuvuta jicho mbali na shina. Filta ya chungwa inayashusha kidogo.

Lenzi ya mm 28 karibu na shina hulifanya linenepe kuliko lilivyo. Wengine wanalipenda hilo. Kwa maoni yangu mbuyu hauhitaji kutiwa chumvi, mm 50 kutoka mita 12 au 15 inauheshimu zaidi.

Kijani_Kijivu

Hakuna aliyegusa dijitali na simu, ilhali watatu kati ya watano wanatumia hizo.

Kamera iwekwe kwenye mtindo wa picha usio na rangi ili mwone kijivu kwenye kioo, lakini faili lihifadhiwe ghafi (RAW) pamoja na JPEG. Faili ghafi linabaki na rangi zote, na rangi hizo ndizo filta zenu za baadaye. Nyumbani msiondoe rangi kwa kitufe cha kupunguza ukolezi hadi sifuri. Hicho hufanya kosa lile lile alilolieleza fundi_filta, vigae na majani kuwa kitu kimoja. Tumieni vitelezi vya rangi moja moja: nyekundu chini na kijani juu kwa Azania Front, chungwa juu na buluu chini kwa KICC.

Tatizo la vitelezi ni kiasi. Buluu ikishushwa sana, anga linatoa chembe chafu, linakatika matabaka kama ngazi, na kwenye kingo za mapaa unatokea mstari mweupe. JPEG yenye biti 8 inakatika mapema. Faili ghafi la biti 12 au 14 linavumilia zaidi, lakini nalo lina kikomo. Buluu ikipita nusu ya safari ya kitelezi, kuzeni picha hadi asilimia 100 mkague ukingo wa paa kabla ya kuendelea. Kama mstari umeshatokea, rudisheni nyuma na mshushe anga kwa kulichagua peke yake.

Filta za rangi za kioo msizifunge kwenye kamera ya kawaida ya dijitali. Filta nyekundu inaacha karibu robo tu ya vitundu vya kihisi vikipata mwanga wa kutosha, na picha inapoteza makali. Kamera zenye kihisi kisicho na rangi kabisa, mfano Pentax K-3 Mark III Monochrome ya 2023, hizo ndizo zinazohitaji filta za kioo kama filamu.

Polaraiza, filta ya kukata mng'ao, ni habari nyingine, inafanya kazi kwenye kamera zote na hakuna kitelezi kinachoweza kuiiga. Inaondoa mng'ao wa majani yenye nta, kama ya mikoko na mikungu, na inakula karibu stopu 1 na nusu. Inatia giza zaidi sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua, kwa hiyo kwa lenzi ya mm 28 asubuhi utapata anga lenye doa jeusi upande mmoja. Kwa picha pana iondoeni.

Mwenye simu: tumia lenzi kuu, si ile pana ya pembeni, kwa sababu pana hupinda nguzo na kuta. Washa gridi. Zima HDR (simu kuunganisha picha zenye mwanga tofauti) kama inaruhusu, maana huinua vivuli vyote na kufanya mwanga wa asubuhi ufanane na wa adhuhuri. Gusa ukuta mweupe uliopigwa na jua, shikilia kidole mpaka kipimo kijifunge, kisha shusha mwanga kidogo. Kwenye dijitali yoyote, ikiwemo simu, weupe ukishaungua haurudi. Vivuli vinaweza kuinuliwa baadaye.

ChumbaCheusi

Na filamu ni kinyume cha hilo, wakuu. Negativu inavumilia weupe mwingi lakini haina cha kuongeza pale ambapo kivuli hakikupata mwanga. Watu wa filamu pimeni kivuli chenye kitu mnachotaka kionekane, mfano nakshi ndani ya tao la mlango, kisha punguzeni stopu 2 kutoka kwenye kipimo hicho. Msipofanya hivyo kamera itajaribu kukifanya kivuli kijivu cha kati.

Hesabu ya kukumbuka kwa ISO 400: jua kali bila wingu, tundu la lenzi f/16 na shata sekunde 1/500. Kivuli cha wazi, f/5.6 na 1/500. Ndani ya kichochoro chembamba cha Mji Mkongwe, f/5.6 na 1/60. Kutoka ukuta uliopigwa na jua hadi sakafu ya kichochoro ni stopu 6. Karatasi ya kuchapia haiwezi kubeba zote bila msaada. Ikiwa mnakwenda Unguja, pigeni HP5 kama ya ISO 200 na mpunguze muda wa kusafisha kwa asilimia 15 hadi 20. Vivuli vinapata mwanga, weupe haujazani. Roli zima lipigwe hivyo hivyo, msichanganye ISO mbili ndani ya roli moja.

Kwa kichochoro filta za fundi zivuliwe. Hakuna anga la kutia giza, na chungwa litawashusha kutoka 1/60 hadi 1/15, picha zote zitatikisika.

fundi_filta

Kweli kabisa, isipokuwa kwa milango. Mbao za msaji zina wekundu, na mwanga wa kichochoroni una buluu nyingi, ndiyo maana milango hutoka mieusi kuliko ilivyo na nakshi zinapotea. Njano nambari 8 inaiinua kwa stopu 1 tu ya gharama. Egemeeni ukuta wa pili, shata 1/30, pumzi itulie. Kwa mlango uliopigwa jua la ubavuni msiweke kitu.

Kichochoro

Asanteni sana wakuu. Nafasi yetu ni asubuhi, hivyo Unguja imeondoka. Kati ya Dar na Mombasa, wanne kati yetu wako Dar, basi tunaelekea Dar. Mwenye kuijua njia ile kwa mpangilio wa saa, naomba. Na swali la pili: tukiwa na mm 28 bila lenzi maalumu ya majengo, minara ya makanisa itaacha kulala chali?

PostaMpya

Jumamosi, si Jumapili. Jumapili barabara ni tupu lakini makanisa yote mawili yana ibada, na ua unajaa magari.

Saa 12:30 asubuhi anzeni Old Boma, jengo la miaka ya 1866 na 1867, enzi za Sultan Majid. Ni kuta nene za matumbawe na chokaa, na jua la chini linaonyesha kila kiraka. Mgongo wenu uwe bandarini, lenzi zielekee mjini. Bandari na magati hayapigwi picha, na hapo ndipo watu husimamishwa.

Saa 1:10, Mtakatifu Yosefu (1897 hadi 1902). Saa 1:45, Azania Front (1898 hadi 1902), upande unaotazama bandari. Kuanzia Novemba hadi Januari jua huchomoza kusini kidogo ya mashariki, na uso huo hupata mwanga mwingi zaidi. Juni na Julai jua huegemea kaskazini, kwa hiyo mwanga unakuja kwa mshazari mkali. Ni mzuri kwa plasta, lakini sehemu ya uso inaweza kubaki kivulini.

Kuhusu minara: inalala chali kwa sababu kamera imeinuliwa. Kamera ikiwa sawa na ardhi, mistari ya wima inabaki wima, kwa lenzi yoyote. Gharama yake ni umbali. Ukishika kamera wima na sawa kabisa, mm 28 inahitaji umbali wa karibu mara 1.5 ya urefu wa jengo juu ya jicho lako. Kwa mm 50 ni karibu mara 2.8. Jengo la mita 30 litakutaka mita 45 kwa mm 28, yaani uvuke barabara na zaidi. Nusu ya chini ya fremu itakuwa lami. Ikateni wakati wa kuchapa, au tafuteni kitu cha kuiweka hapo: kivuli cha mti, mstari wa ukingo wa barabara, mtu anayepita. Mkishindwa umbali, inueni kamera kidogo na kunyoosha baadaye kwa programu, ila acheni nafasi kubwa pande zote, kwa kuwa kunyoosha kunakata pembe za picha na kupunguza makali ya sehemu ya juu. Kinachoharibu kabisa ni kuinua kidogo tu, nyuzi mbili au tatu, kisha kuacha hivyo. Mnara unaonekana umekosewa. Ama nyoosha, ama inua sana mpaka mlalo uwe kusudi la picha.

Saa 2:20 pandeni Azikiwe hadi Askari Monument, sanamu ya shaba iliyozinduliwa 1927. Shaba nyeusi mbele ya anga jeupe, mkifuata kipimo cha kamera mtapata kivuli cha mtu tu. Ongezeni stopu 1 na nusu hadi 2. Au zungukeni mpaka nyuma ya sanamu kuwe na jengo lililo kivulini, ndipo mwanga wa asubuhi utakapoonekana begani na kwenye bunduki. Mm 50 inaingiza nyaya na mabango. Mwenye lenzi ya mm 85 au zaidi ana faida hapa.

Kisha Samora yote kuelekea mashariki hadi Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa 1893. Mtafika karibu na saa 3:15, jua limeshapanda, na hapo ndipo wengi hukata tamaa kwa sababu chini ya miti kuna madoa ya jua kila mahali. Msipige ardhi. Simameni kivulini mkitazama majani ya michikichi na sikadi yaliyopigwa jua kwa nyuma, ongezeni stopu 1. Mishipa ya jani itatoka na nyuma yake kutakuwa na giza. Hapa ndipo nambari 11 inapofanya kazi yake. Wingu likipita, geukeni haraka kwenye mashina na mizizi, hizo ni dakika zake.

Mkitaka mivinje ya Ocean Road, endeleeni mpaka baharini, lakini upande wa Ikulu ya Magogoni kamera zisitoke.

Mbuyu_wa_Pwani

Bustani ile ni ndogo mno kwa watu watano, mtakanyagana kwa saa moja. Gaweni kundi: wawili waanze bustanini saa 12:30 jua likiwa bado chini, watatu waanze Old Boma, mkutane Askari. Mwanga wa chini ndani ya bustani ni bora mara nyingi kuliko wa saa 3.

PostaMpya

Hilo ni wazo zuri kuliko ratiba yangu kwa upande wa miti. Ila hakikisheni na mlinzi siku moja kabla lango linafunguliwa saa ngapi.

Kichochoro

Tutagawana hivyo. La mwisho kwa ChumbaCheusi: filamu tutasafisha wenyewe Dar, maji ya bomba yanafika nyuzi 29. Dawa ya kusafishia, ID-11, ipo.

ChumbaCheusi

Kwa nyuzi 29 msisafishe. Muda utashuka chini ya dakika 5 kwa ID-11 isiyochanganywa, na chini ya hapo dawa haitembei sawa kwenye filamu. Mtaona mabaka angani, mahali ambapo hayafichiki.

Changanyeni 1+1, yaani dawa sehemu moja na maji sehemu moja, ili muda urefuke. Roli moja kwenye tangi la Paterson linataka mililita 290, basi pimeni 150 za dawa na 150 za maji. HP5 Plus ya 400 kwa 1+1 ni dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 ni kama dakika 9, na nyuzi 24 zinafikika Dar: wekeni chupa zote kwenye beseni la maji, barafu iwe ndani ya mfuko uliofungwa ili isiichanganye dawa, toeni mfuko kipimajoto kikisoma 24. Geuzeni tangi mara nne ndani ya sekunde 10 za mwanzo wa kila dakika, kisha ligongeni mezani kuondoa mapovu.

Kosa la kawaida ni kupoza dawa ya kwanza tu, kisha kumwaga fiksa (dawa ya kuifanya picha idumu) ya nyuzi 29 na kusuuza kwa maji ya bomba. Jelatini inashtuka na chembe zinakuwa kubwa, kwa ubaya zaidi inakunjamana. Dawa, maji ya kusimamisha, fiksa ya 1+4 na maji ya kusuuzia vyote vikae kwenye beseni hilo hilo, tofauti isizidi nyuzi 2. Fiksa dakika 3 hadi 5. Kusuuza si lazima maji yatiririke: jaza, geuza mara 5, mwaga. Jaza, geuza 10, mwaga. Jaza, geuza 20, mwaga. Lita moja ya maji ya nyuzi 24 inatosha kwa roli moja, kwa hiyo yaandaeni mapema.

Na kamera zenu zisitoke kwenye chumba chenye kiyoyozi moja kwa moja hadi Kivukoni saa 12 asubuhi. Zifungeni kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, zikae nje nusu saa kabla ya kuufungua. Ukungu ukishaingia ndani ya lenzi ya zamani, mwanga wote mzuri wa asubuhi unaondoka kabla haujakauka.